Programu imekufa, usikimbilie kuiwasha: mazungumzo kuhusu faili la core

Asanteni sana. Mliokaa nyuma naomba msogee mbele kidogo maana kuna namba nitaandika ubaoni, na hizo namba ndo mhadhara wenyewe.

Nianze na kilichonipata. Mahali fulani nilipokuwa nafanya kazi kulikuwa na seva imeandikwa kwa lugha ya C, inapokea ujumbe mfupi mfupi, inaupanga foleni, inautuma mbele. Inaenda vizuri tu, halafu usiku ghafla inakufa. Kuna skripti inaiwasha tena ndani ya sekunde mbili, asubuhi tunakuta kwenye logi mstari mmoja kwamba imetoka na namba 139, basi, hakuna kingine. Wiki tatu tumekaa hivyo. Tukaongeza mistari ya logi, tukahamisha mashine, tukalaumu mtandao, kila mtu ana nadharia yake na anaitetea, na muda wote huo jibu lilikuwa linapatikana kila seva ikifa halafu linatupwa hapo hapo, kwa sababu ya sifuri moja tu kwenye settingi. Hiyo sifuri nitaifikia.

Kwanza hiyo 139. Shell, yani ile programu inayopokea amri zako kwenye terminal, inachukua 128 inajumlisha na namba ya signali iliyoua programu, signali ni taarifa ya dharura inayotumwa kwa programu, kwa hiyo 139 toa 128 unabaki na 11, na 11 ni SIGSEGV, yani programu imegusa memori ambayo haikuruhusiwa kugusa. Ukiona 134 hiyo ni signali 6, SIGABRT, hapo programu imejiua yenyewe, mara nyingi malloc au free, zile fankisheni za kuomba na kurudisha memori, imegundua hesabu zake zimeharibika ikakataa kuendelea. Na ukiona 137 ni signali 9, hiyo imeuawa kwa nguvu kutoka nje, mara nyingi keneli, moyo wa mfumo wa uendeshaji, imeona memori ya mashine imeisha ikachagua wa kumtoa. Kwa 137 usihangaike kutafuta faili la core, halipo, nenda kasome dmesg, ndo logi ya keneli. Nawaambia hili mapema kwa sababu nimeona mtu anapoteza siku mbili anatafuta faili ambalo haliwezi kuwepo.

Sasa faili lenyewe ni nini. Programu ikigusa pasipo pake prosesa inagoma, keneli inaarifiwa, keneli inatuma signali, na kama programu haina namna yake ya kuipokea basi inasimamishwa. Kabla haijafutwa kabisa keneli inaweza kunakili memori yake kwenda kwenye faili: rejista zote (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) zilivyokuwa, steki (kumbukumbu ya fankisheni zilizoitwa na bado hazijarudi) ya kila thredi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu), data yote iliyokuwa imeombwa kwa malloc, kila kitu kimeganda vile vile kilivyokuwa sekunde ile. Jina core ni la zamani, enzi ambazo memori ilikuwa vipete vidogo vya sumaku vimefumwa kwenye nyaya, kipete kimoja biti moja, kompyuta ya Whirlwind pale MIT ilifungwa memori ya namna hiyo mwaka 1953. Vipete vimeondoka jina limebaki. Tatizo ni lile neno la pili, dump, watu wakilisikia wanawaza dampo, na ukiwaza dampo unawaza taka, unafuta. Mimi naomba mulione kama eneo la ajali kabla gari halijavutwa, alama za breki bado ziko barabarani, vioo viko pale pale vilipodondokea. Ukiwasha programu upya bila kuwa na core umeshavuta gari, umefagia na barabara, halafu unauliza mashahidi nani alikuwa anakimbia.

Haya, ile sifuri. Andika ulimit -c kwenye terminal. Mashine nyingi za Linux zitakujibu 0, maana yake ukubwa wa faili la core unaoruhusiwa ni sifuri, yani halitaandikwa. Unaandika ulimit -c unlimited, na hapo umeruhusu, lakini kwa shell hiyo tu na vitakavyozaliwa humo. Hapa wengi wananaswa: unaiweka kwenye terminal yako ukidhani umemaliza, wakati seva imewashwa na systemd, msimamizi wa huduma za mashine, ambayo haijui habari za terminal yako, kule unatakiwa uandike LimitCORE=infinity kwenye faili la hiyo huduma. Halafu ukitaka kujua core inaenda wapi soma /proc/sys/kernel/core_pattern. Ukikuta jina la kawaida, linaandikwa kwenye folda ambayo programu ilikuwa inafanyia kazi, na kama haina ruhusa ya kuandika kwenye folda hiyo ndo umekosa. Ukikuta inaanza na kimstari kile cha wima, maana yake keneli inaipitisha core kwa programu nyingine, mara nyingi systemd-coredump, na hapo unatumia coredumpctl list kuziona na coredumpctl gdb kuifungua ya mwisho.

Turudi kwenye seva yetu. Tumeweka ruhusa, siku ya pili usiku ikafa, asubuhi faili lipo. Nikaandika gdb, hicho ni chombo cha kuchunguza programu, halafu jina la programu, jina la core. Lazima umpe vyote viwili, kwa sababu kwa kawaida keneli hainakili kwenye core zile kurasa za kodi ambazo hazijabadilika, inajua ziko kwenye faili la programu. Kitu cha kwanza unaandika bt, inakuonyesha nani alimwita nani mpaka tukafika hapa. Tukakuta imefia kwenye foleni.c mstari wa 88, mstari usio na hatia kabisa, unasoma tu herufi ya kwanza ya ujumbe. Nikaandika p n, yani nionyeshe pointa inayotumika pale, pointa ni anwani ya mahali kwenye memori, nayo ikajibu hivi, naiandika ubaoni:

0x6f676f64696b2d

Iangalieni vizuri. Kwenye mashine za biti 64 za kawaida pointa nzima nzima mara nyingi zinaanza na 0x7f, 0x55 au 0x56 na zina tarakimu 12 baada ya 0x, alama ya namba za msingi wa 16. Hii ina 14, na kila baiti yake, yani kila tarakimu mbili, iko kati ya 2d na 6f. Mtu aliyekaa na jedwali la ASCII, lile linaloipa kila herufi namba yake, anashtuka hapo hapo, hizo ni herufi! Prosesa hizi zinaweka baiti ndogo mbele, kwa hiyo tunasoma kutoka mwisho: 2d ni kistari, 6b ni k, 69 ni i, 64 ni d, 6f ni o, 67 ni g, 6f ni o. Inasoma "-kidogo". Pointa yetu ni neno la Kiswahili.

Nikarudi kwenye kipande kilichotangulia kwenye foleni, nikaandika x/s nyuma->ujumbe, ikatoa "tafadhali-subiri-kidogo". Stract yenyewe, yani muundo wa kila kipande, ilikuwa na sehemu ya ujumbe ya herufi 16 halafu inafuata pointa ya kipande kinachofuata. Hesabuni: tafadhali ni 9, kistari 10, subiri inafika 16, imejaa. Kilichobaki, "-kidogo", ni herufi 7, na ile sifuri ya kufungia maneno ni ya 8, na pointa ni baiti 8. Imeingia kwenye nafasi ya pointa kamili, haikuzidi hata baiti moja, ndo maana malloc haikulalamika, na hata ungeiendesha ndani ya Valgrind, chombo cha kukagua matumizi ya memori, isingekwambia kitu kwenye uandishi huo maana haukutoka nje ya kile kipande kilichoombwa. Na kwa nini usiku? Kwa sababu upande wa pili ukielemewa usiku ndo ulikuwa unajibu hayo maneno, mchana haujibu hivyo.

Sasa sikilizeni, hiki ndo kilichonifanya nikubali kuja kuongea. Kosa lilikuwa kwenye strcpy, ile inayonakili maneno bila kupima nafasi, kwenye pokea.c. Hiyo pokea.c haimo kabisa kwenye bt. Ilishafanya kazi yake, ikarudi, ikaendelea na mengine, na programu ikafa baadaye mikononi mwa mwingine. bt inakwambia umefia wapi, haikwambii umeumwa na nini wala umeanza kuumwa lini, na watu wengi wanafungua core wanaona mstari wa 88, wanaweka if ya kuzuia mstari wa 88 usikrashi, wanafunga. Wamehamishia kifo mstari wa 95. Usiulize huu mstari una kosa gani, uliza hii thamani mbaya imetoka wapi, nani aliiandika mara ya mwisho, jirani yake kwenye memori ni nani, na hayo majibu yamo humo humo kwenye core kwa sababu memori yote ya data imekaa pale inakusubiri. Na sisi kurekebisha hatukuongeza 16 kuwa 32, tulipima urefu kabla ya kunakili.

Thamani mbaya zina sura zake, ukizoea unazitambua. Ukiona imegusa anwani ndogo kama 0x18, hiyo ni pointa tupu, NULL, na mtu alikuwa anataka sehemu iliyoko baiti 24 ndani ya stract, kwa hiyo fungua stract uhesabu utajua ni sehemu gani. Ukiona bt ina fremu (kila mwito ni fremu moja) elfu kumi za fankisheni ile ile, inajiita yenyewe mpaka steki imeisha. Ila kuna mtego mmoja: anwani iliyogomewa unaweza kuiuliza kwa p $_siginfo._sifields._sigfault.si_addr, lakini kwa pointa kama ile yetu ya "-kidogo", ambayo prosesa za x86 haziikubali hata kama anwani, hapo utaonyeshwa 0, na mtu anasema aha ni NULL, kumbe siyo. Angalia rejista zenyewe, usiamini hiyo 0 peke yake.

Kuhusu simboli, yani majina ya fankisheni na namba za mistari ya kodi, nitasema kwa mkazo. Jenga kila toleo ukiwa na -g, inayoziweka hizo simboli ndani, hata lile la kupeleka kwa watu. Haipunguzi kasi ya programu, inanenepesha faili tu, na kama hutaki faili nene basi zitoe hizo simboli uziweke pembeni lakini usizitupe. Na programu unayompa gdb iwe ile ile iliyokufa, siyo uliyoijenga upya leo asubuhi kutoka kodi inayofanana, maana anwani zikihama hata kidogo bt itakusimulia hadithi ya uongo na itakusimulia kwa kujiamini. Linganisha build-id, alama ya kipekee ya kila ujenzi, ipo kwa ajili hiyo. Ukiwa umejenga kwa -O2, yani kompaila imeruhusiwa kubana kodi iende kasi, utakutana na optimized out (thamani haikuhifadhiwa) kwenye variabo unazozitaka, inaumiza, lakini panda fremu moja juu kwa up, mara nyingi aliyeita bado ameishika thamani ile.

Kama programu ina thredi nyingi andika thread apply all bt, usiangalie iliyokufa tu, mchafuzi anaweza kuwa jirani yake.

Na usalama, jamani. Core ni memori yote ya data, maana yake nywila zilizokuwa zimefunguliwa, funguo za siri, ujumbe wa watu, vyote vimo wazi. Nimeshaona faili la core limeambatanishwa kwenye ripoti ya tatizo kama picha ya kawaida. Usifanye hivyo. Lichambue hapo hapo lilipo, tuma matokeo ya bt, na hata hayo yasome kwanza kabla ya kutuma. Kama programu yako inashika funguo, kuna madvise na MADV_DONTDUMP, unaiambia keneli kipande hiki kisiingie kwenye core.

Nimeulizwa swali hapa: je kama programu haijafa, imeganda tu? Safi sana. Tumia gcore na namba ya prosesi, inachukua core ya programu iliyo hai na kuiacha iendelee, halafu unaenda kuisoma kwa utulivu, na kama thredi mbili zinangojeana kufuli utaziona zote mbili zimesimama pale.

Na wewe uliyeuliza kuhusu kontena, lile boksi linalotenga programu ndani ya mashine moja, core_pattern ni ya keneli nzima, haiko kwa kila kontena, kwa hiyo kama unatafuta core ndani ya kontena na huioni, huenda imeshapokelewa kwenye mashine mama. Katafute kule.

Haya fungueni laptop. Andika ulimit -c unlimited, halafu sleep 100, halafu bonyeza Ctrl na mkwaju wa kurudi nyuma, ile \. Itakwambia Quit na pembeni core dumped. Sasa kila mtu aitafute ya kwake imeandikwa wapi, asiyeiona anyooshe mkono nije.