Kazi ya kufuatilia maisha ya galaksi: niliyoongea na watu wa Kigoma

Shikamooni wazee wangu, akina mama shikamooni, na nyie vijana wa shule mambo vipi. Nimeombwa nieleze kazi ninayofanya, maana watu wengi hapa nyumbani huwa wananiuliza wewe PhD si ulishamaliza, mbona bado uko chuoni, kwa hiyo naanza na hapohapo. Mimi ni postdoki. Yani mtu akishamaliza PhD anaajiriwa na chuo au taasisi kwa mkataba, mara nyingi miaka miwili au mitatu, analipwa mshahara, na kazi yake kubwa ni utafiti. Sio mwanafunzi tena, ila bado hajawa mhadhiri mwenye ajira ya kudumu. Na utafiti wangu mimi ni galaksi, yani yale makundi makubwa ya nyota na gesi yaliyoshikana pamoja, zilianzaje, zinakuaje, na kwa nini nyingine zinafika mahali zinaacha kuzaa nyota.

Ule mkanda mweupe unaokatiza angani usiku wa giza, wavuvi wa dagaa mnaujua kuliko mtu yeyote humu ndani, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka nyie hamuingii ziwani, mnasubiri giza. Ule mkanda ndo galaksi yetu, tunaiangalia tukiwa ndani yake. Ina nyota zaidi ya bilioni 100, na mwanga wenyewe unatumia kama miaka 100,000 kuvuka kutoka ukingo huu hadi ule. Mpaka miaka ya 1920 wataalamu walikuwa bado wanabishana kama kuna galaksi nyingine zaidi ya hii, hadi mtaalamu wa nyota Edwin Hubble kule California alipopima umbali wa Andromeda akakuta ni galaksi nyingine, iko nje kabisa ya hii yetu. Leo tunajua iko kama miaka milioni 2.5 ya mwanga kutoka hapa, yani mwanga wake unasafiri miaka yote hiyo kutufikia.

Sasa hili naomba mlisikie vizuri kwa sababu linatuhusu. Sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mwezi wa kumi na mbili, siku mvua ikikatika na mawingu yakafunguka, mwezi haupo, toka nje kama saa tano usiku nenda mbali na taa, utaziona galaksi tatu za nje kwa macho matupu. Kaskazini kuna Andromeda, kanaonekana kama kawingu kadogo kamefifia, halafu kusini chinichini kuna Mawingu ya Magellan, mawili, galaksi ndogo zilizo jirani na yetu. Mtu wa London akikaa kwake hayaoni hayo Mawingu maisha yake yote, na mtu wa kusini ya New Zealand Andromeda kwake inachungulia tu kwenye upeo. Sisi tunazo zote. Mimi nimesoma Kigoma hii miaka yote na hakuna aliyewahi kuniambia, ndo maana leo nawaambia.

Shida ya kazi yetu ni muda. Galaksi moja kubadilika inachukua mamilioni ya miaka, mabilioni hata, hakuna mtu atakaa aisubiri. Kinachotuokoa ni kwamba mwanga unachelewa kufika, kwa hiyo ukiangalia mbali unaangalia zamani. Teleskopu ya James Webb, ile iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, kioo chake kina upana wa mita 6.5, imeona galaksi inaitwa JADES-GS-z14-0, ilitangazwa 2024, na tunaiona jinsi ilivyokuwa ulimwengu ukiwa na umri wa miaka kama milioni 300 hivi, wakati sa hivi ulimwengu una miaka bilioni 13.8. Kwa hiyo picha za kila umri tunazo. Ila ni za galaksi tofauti tofauti! Ni kama umepewa mfuko wa picha za kijiji kizima, vichanga, vijana, wazee, nyuma hakuna majina, halafu unaambiwa haya, tuambie kichanga kipi ndo alikuja kuwa mzee yupi. Hapo ndo kazi ilipo, na mimi kwa kweli naipenda kazi hii.

Mtu aliyetufungulia njia ni mwanamke mmoja naomba mabinti mumshike jina, Beatrice Tinsley, alikulia New Zealand, akafanya PhD Texas miaka ya 1960. Wakati ule wakubwa wa fani walikuwa wanachukulia kwamba galaksi kubwa zinang'aa vilevile muda wote, wakawa wanazitumia kupimia umbali wa ulimwengu. Yeye akakaa na kompyuta za enzi zile akapiga hesabu: nyota zinazaliwa, zinazeeka, zinakufa, kwa hiyo mwanga wa galaksi na rangi yake lazima vibadilike, na kama vinabadilika basi vile vipimo vyenu lazima virekebishwe. Na alikuwa sahihi. Alifariki 1981 kwa kansa akiwa na miaka 40 tu, na hadi leo tunatembea kwenye barabara aliyoichonga. Angalieni alichotumia, hesabu na kompyuta, hakuwa na teleskopu yake.

Mimi upande wangu ni gesi. Nyota inatengenezwa na gesi, haidrojeni hasa, gesi ikiisha au ikipashwa joto sana nyota mpya hazizaliwi. Haidrojeni inatoa mawimbi ya redio ya sentimita 21, na pale Karoo, Afrika Kusini, kuna teleskopu ya redio ya MeerKAT, antena zake 64 zilizozinduliwa 2018 zinayasikiliza, na palepale inajengwa teleskopu kubwa zaidi ya redio, SKA, ambayo itazimeza hizo 64 ziwe jumla 197. Tunachojua ni kwamba miaka kama bilioni 10 iliyopita ulimwengu ulikuwa unazaa nyota kama mara kumi ya sasa, halafu ukapungua, ukapungua. Kwa nini? Baadhi ya galaksi zimezimika kabisa, zimebaki nyekundu, kwa sababu nyota kubwa za bluu zina maisha mafupi, zikifa na hazirithiwi zinabaki zile ndogo nyekundu zinazodumu. Kuna shimo jeusi katikati, yani kitu kizito chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki, linalopasha gesi joto na kuisukuma nje, kuna nyota zinazolipuka, kuna galaksi kuingia kwenye kundi kubwa la galaksi nyingine ikanyang'anywa gesi njiani. Kipi kinafanya kiasi gani, bado tunabishana. Halafu Webb ikaja kutuonyesha galaksi zilizokuwa zimeshazimika ndani ya miaka bilioni moja ya mwanzo, mapema mno, na hiyo imetunyima usingizi watu wengi.

Kupata nafasi sasa. Matangazo mengi yanatoka kuanzia mwezi wa tisa hadi wa kumi na mbili, majibu mwanzoni mwa mwaka. Unatuma CV, kurasa chache za kueleza umefanya nini na unataka kufanya nini, orodha ya machapisho, na watu kama watatu wanakuandikia barua za kukupendekeza. Ushindani ni mkubwa, mkataba ukiisha unahama nchi, na wenye familia inawaumiza, sitaki kuwaficha wazazi hilo. Wengi hawafiki kwenye ajira ya kudumu ya chuo, wanaenda benki, kwenye makampuni ya simu, kwenye hali ya hewa, kwa sababu wanajua takwimu na kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya Python.

Njia yenyewe: PCM (fizikia, kemia na hisabati) kidato cha tano na sita, digrii ya fizikia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) au cha Dodoma (UDOM) mfano, kisha Afrika Kusini kuna programu ya masomo ya juu ya sayansi ya anga, NASSP, inayochukua wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mzazi mwenye binti anayependa fizikia, nakuomba kabisa usimtoe kwenye PCM kwa sababu jirani kasema ni ya wanaume.

Na data ni ya watu wote. Picha za Webb kwa kawaida hazifichwi zaidi ya mwaka, baada ya hapo yeyote anachukua. Najua mtasema bando, mafaili ni mazito, kweli, ila siku hizi hushushi kitu, kompyuta kubwa iko huko mbali wewe unatuma amri tu, hata ukiwa Ujiji. Na kuna mradi unaitwa Galaxy Zoo, ulianza 2007, watu wa kawaida wanaangalia picha za galaksi na kusema hii ina mikono, hii ni ya duara. Mwaka huohuo mwalimu wa shule wa Uholanzi, Hanny van Arkel, akaona wingu la ajabu pembeni ya galaksi moja akauliza hiki nini, kumbe ni gesi iliyowashwa na shimo jeusi, wataalamu hawakuwa wamewahi kuligundua.

Nimekuja na laptopu yenye picha za mradi huo. Wa kidato cha tatu na kuendelea msogee meza ya mbele mjaribu wenyewe, wazazi tuendelee na maswali, na yule baba aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja mshahara tuanze naye.