Udongo Ukikubali: Kazi za Shamba Dogo la Mboga Majira ya Kuchipua

Ndugu wakulima, baridi ikianza kulegea kila mtu mikono humwasha, anataka jembe. Nawaomba mikono hiyo ianzie kitaluni. Hasara nyingi za majira haya huletwa na pupa.

Chimba sentimita 10, chukua udongo, ufumbate, kisha usukume kwa kidole gumba. Ukimeguka, lima. Ukibaki donge linalong'aa, ahirisha. Udongo wa mfinyanzi ukilimwa ungali chepechepe, nafasi za hewa huzibika na mabonge yake hukauka kama matofali. Mizizi itahangaika msimu mzima. Kichanga hupitisha maji upesi na kupata joto mapema, kwa hiyo wenye nacho hutangulia.

Joto lipime asubuhi kwa kipimajoto, kina hicho hicho. Njegere na spinachi panda kuanzia nyuzi 7 za Selsiasi. Maharage yangojee 15 au zaidi, matango 18. Mbegu ya maharage ikilala kwenye ubaridi na unyevu hufyonza maji lakini haiendelei, huoza. Mtu hulaumu mbegu, kumbe aliharakisha.

Wakati huo kitalu kina kazi tele. Nyanya zisie wiki 6 hadi 8 kabla ya kuhamisha. Pilipili wiki 8 hadi 10, maana huchelewa kuota. Adui mkubwa hapa ni kinyausi, ugonjwa wa miche michanga: shina hunywea pale linapotoka kwenye udongo, mche ukalala chini. Ukishalala hauinuki tena. Vimelea vyake hustawi penye unyevu usiokauka, miche iliyosongamana na hewa iliyotuama. Basi sia kwa nafasi, osha trei za msimu uliopita, na mwagilia asubuhi ili uso wa udongo ukauke kabla ya giza. Kitalu nyumba nacho kifunguliwe jua linapopanda, hata kama nje kuna baridi. Ndani joto hupita nyuzi 30 kwa muda mfupi sana.

Tuta la karoti na vitunguu liandae wiki 2 kabla ya kusia, kisha uliache. Magugu yataota. Yakwangue yangali machanga, usizidi sentimita 2 au 3, kwani ukichimba zaidi utapandisha mbegu nyingine za magugu. Kazi hii watu huiruka, na mimi naiona kuwa ndiyo inayookoa muda mwingi kuliko zote, kwa sababu karoti huchukua hadi wiki 3 kuota na magugu hayasubiri.

Kabla ya kuhamisha, zoesha miche hali ya nje siku 7 hadi 10. Siku ya kwanza saa moja au mbili kivulini, halafu ongeza jua na upepo kidogo kidogo. Mche uliotolewa ghafla huungua majani yakawa meupe. Hamisha jioni au siku ya mawingu. Nyanya ifukie hadi karibu na majani ya chini, shina lake hutoa mizizi; saladi usiifukie hivyo, moyo wake utaoza.

Asubuhi inayofuata pitia mistari. Ukikuta mche umekatwa usawa wa ardhi, fukua palepale kwa vidole: sota, kiwavi anayekata miche, hujikunja karibu, chini kidogo ya uso. Muue, kisha zungushia miche iliyobaki pete ya karatasi ngumu iliyozama sentimita 3.