Chimbuko la uvutano

Ndugu walimu, wanafunzi na wakazi wa Kigoma mliofika jioni hii,

Tangu Albert Einstein alipokamilisha nadharia yake mwaka 1915, uvutano unaelezwa kuwa ni mpindo wa nafasi na wakati unaosababishwa na maada na nishati. Nimekuja na swali linalotangulia hapo: je, nafasi na wakati vyenyewe ndivyo msingi, au vimetokana na kitu kingine?

Wavuvi wa dagaa wanaotoka Kibirizi usiku wanayajua vizuri mawimbi ya Ziwa Tanganyika, lakini molekuli moja ya maji haina wimbi wala halijoto, kwa kuwa sifa hizo huzaliwa pale tu molekuli nyingi mno zinapotenda kwa pamoja. Wanafizikia kadhaa wanashuku kwamba na nafasi iko hivyo.

Hoja inayonishawishi kuliko zote inatoka kwenye mashimo meusi, yaani maeneo yenye uvutano mkali kiasi kwamba hata nuru haiwezi kutoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Jacob Bekenstein alieleza kwamba shimo jeusi lina entropia, yaani kipimo cha wingi wa namna ambazo vijenzi vya ndani vinaweza kupangika bila sura ya nje kubadilika, na mwaka 1974 Stephen Hawking akaonyesha kuwa lina halijoto pia. Ajabu ni kwamba entropia hiyo hufuata eneo la ukingo wa shimo, wala si ujazo: nusu kipenyo kikiongezeka mara 2, entropia huongezeka mara 4, ilhali ya gesi iliyojaa chomboni ingeongezeka mara 8. Mwaka 1995 Ted Jacobson alianzia kwenye kanuni hiyo ya eneo, akaiunganisha na sheria za joto, akaipata milinganyo ya Einstein.

Ikiwa uvutano huzaliwa na vijenzi vingi kama lilivyo joto, vijenzi hivyo ni nini, basi? Mwaka 2006 Shinsei Ryu na Tadashi Takayanagi waliliunganisha eneo na mfungamano wa kwanta, yaani hali ya vitu viwili au zaidi kufungamana kiasi kwamba haviwezi kuelezwa kimoja kimoja, na mwaka 2010 Mark Van Raamsdonk akaonyesha kwamba mfungamano kati ya pande mbili ukipunguzwa, eneo linaloziunganisha husinyaa na umbali hurefuka, hadi nafasi ikatike.

Hata hivyo, hesabu hizo zinategemea uhusiano alioupendekeza Juan Maldacena mwaka 1997 kati ya uvutano ndani ya ulimwengu wa mfano na fizikia ya kwanta isiyo na uvutano ukingoni mwake, unaohusu ulimwengu wenye mpindo hasi, yaani uliopinda kama tandiko la farasi, ilhali wetu unatanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka. Tena, hesabu zenyewe huanza na wakati ambao tayari unapita ukingoni mwa ulimwengu huo wa mfano. Kwa hiyo chimbuko la nafasi limeanza kuelezeka, lakini la wakati bado.