Ndoa na Afya ya Mwili na Akili: Kinga Yenyewe Hutoka Wapi?

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, viongozi wa dini mliokubali kuketi nasi leo, akina mama na akina baba,

Nimeombwa nizungumzie faida za ndoa kwa afya, nami nitaanza na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu vifo. Mwaka 1858 William Farr, mtaalamu wa takwimu aliyesomea utabibu na kufanya kazi katika ofisi kuu ya usajili wa vizazi na vifo mjini London, alizichunguza takwimu za vifo vya Wafaransa akawagawa watu wazima katika mafungu matatu: walio katika ndoa, wasiowahi kuoa wala kuolewa, na waliofiwa na wenzi wao. Alipowalinganisha watu wa rika moja aliona kwamba walio katika ndoa walikufa kwa uchache kuliko waseja, na kwamba waliofiwa ndio walioathirika kuliko wote. Aliona pia jambo ambalo wengi wanaomtaja hulipita kimya, nalo ni kwamba walioingia katika ndoa kabla ya kutimiza miaka 20 hawakuipata nafuu hiyo. Jambo hilo nitalirejea, kwa sababu linatuhusu.

Tangu wakati huo matokeo ya namna hiyo yameonekana katika nchi nyingi, na kila yanapotajwa huibuka hoja ambayo ni ya haki kabisa: je, ndoa ndiyo inayowapa watu afya, au wenye afya ndio wanaopata wachumba? Kijana mwenye maradhi ya kudumu, mlevi, au asiye na kipato huchelewa kuoa au hakubaliwi ukweni, kwa hiyo kundi la wanandoa huanza safari likiwa limekwisha kuchujwa. Sehemu ya tofauti aliyoiona Farr bila shaka imetoka hapo. Njia mojawapo ya kuipima hoja hiyo ni kuwatazama watu ambao tayari walikuwa ndani ya ndoa na ndoa hiyo ikakatika bila wao kuchagua, yaani wagane na wajane.

Mwaka 1969 daktari wa magonjwa ya akili Colin Murray Parkes na wenzake wawili walichapisha nchini Uingereza matokeo ya kuwafuatilia wagane 4,486 waliokuwa na umri wa miaka 55 na kuendelea. Katika miezi sita ya kwanza baada ya kufiwa, vifo vyao vilizidi kwa asilimia 40 vile vilivyotarajiwa kwa wanaume wa rika hilo walio na wake, na ongezeko kubwa zaidi lilitokana na maradhi ya moyo. Baadaye hatari hiyo ilishuka polepole ikarudi karibu na ya wanaume wenye wake. Watafiti wenyewe walikiri kwamba wenzi hula chakula kimoja na kuishi nyumba moja, kwa hiyo wengine huenda waliondolewa na maradhi yale yale yaliyowaondoa wake zao. Hata hivyo, maelezo hayo hayatoshi kueleza kwa nini hatari ilikuwa kubwa zaidi katika miezi ile ya mwanzo.

Naomba nichomeke neno hapa. Mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na katika jamii zetu nyingi, ziwe za Kiislamu au za Kikristo, mwanamke aliyefiwa huzungukwa na ndugu, mashoga na majirani. Sisemi kwamba yote anayotendewa mjane ni mema, maana wako wanaonyang'anywa nyumba na mashamba kabla matanga hayajaanuliwa. Lakini mgane hutazamwaje? Huambiwa ajikaze, hurudi kazini baada ya siku chache, na anapoanza kukosa usingizi na kuacha kula, watu humshauri aoe tena, bila mmoja wao kumuuliza anaendeleaje na dawa zake za presha, ambazo pengine marehemu ndiye aliyekuwa akimkumbusha kuzimeza.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu ya leo. Sehemu kubwa ya faida ya ndoa kwa afya hupitia kwa mtu mmoja anayekutazama kila siku kwa makini ya kutosha kugundua kwamba umebadilika. Mume anayeamka mara nne usiku kwenda haja ndogo na kunywa maji bila kukata kiu anaweza kujiaminisha kwamba ni joto. Mkewe ndiye anayehesabu safari hizo na kumwambia akapime sukari. Shinikizo la damu kwa kawaida halina dalili, na kwa sababu hiyo mtu anayekaa peke yake hana wa kumsukuma kwenda kupima. Nchini Marekani, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulihusisha wagonjwa wa saratani 734,889, na ulionyesha kwamba wenye ndoa walifika hospitali wakati ugonjwa haujasambaa mwilini kwa kiwango kikubwa kuliko wasio na ndoa, walipata zaidi matibabu yanayolenga kuponya, na uwezekano wao wa kufa kwa saratani hiyo ulikuwa pungufu kwa asilimia 20. Nafuu hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa wanaume kuliko kwa wanawake, nami sishangai, kwani katika nyumba nyingi kazi ya kukumbuka kliniki, kupika chakula kisicho na chumvi nyingi na kukesha na mgonjwa imewekwa mabegani mwa mke.

Afrika Mashariki tunao ushahidi wetu kuhusu nguvu ya watu wawili wanaojua hali zao. Utafiti uliofanyika Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka 2012 ulifuatilia jozi 4,747 za wenzi ambao mmoja wao alikuwa na virusi vya UKIMWI na mwingine hana. Kwa wale waliopewa kidonge chenye dawa mbili cha kumkinga asiye na virusi, maambukizi yalipungua kwa asilimia 75 yakilinganishwa na ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Sifa ya kwanza hapo ni ya dawa, wala sitaki kuinyang'anya. Lakini wenzi hao walipima, wakaambiana majibu, wakaendelea kukaa pamoja, na wahudumu wa kliniki zetu wanajua jinsi ilivyo vigumu mtu kumeza dawa kila siku huku akimficha anayelala naye chumba kimoja.

Upo pia mkondo unaopita ndani ya mwili wenyewe. Mwaka 2006 mwanasaikolojia James Coan na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanawake 16 wenye ndoa, ambao waliingizwa katika mashine ya kupiga picha za ubongo na kuambiwa kwamba huenda wakapigwa shoti ndogo ya umeme mguuni. Sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari zilitulia zaidi mwanamke aliposhikwa mkono na mumewe kuliko aliposhikwa na mtu asiyemjua au alipoachwa bila wa kumshika, na utulivu huo uliongezeka kadiri ndoa yake ilivyokuwa nzuri. Kwa mwanadamu mwenye wasiwasi wa kila siku juu ya ada, kodi ya nyumba na kazi isiyo na uhakika, kuwa na mtu wa kugawana naye hofu kunaupunguzia mwili kazi ya kukaa katika tahadhari, ambayo ikidumu hupandisha shinikizo la damu, huharibu usingizi na kufungua mlango wa sonona.

Lakini mkondo huo hubeba sumu vilevile. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, nchini Marekani, mwanasaikolojia Janice Kiecolt-Glaser na wenzake waliwaweka hospitalini wanandoa 42, wakawatia majeraha madogo ya malengelenge mkononi, kisha wakawafanya mara moja wazungumze kwa kusaidiana na mara nyingine wajadili jambo wanalogombania. Majeraha yalichelewa kupona baada ya ugomvi, na kwa wanandoa waliokuwa na uhasama mkubwa kasi ya kupona ilikuwa asilimia 60 tu ya ile ya wenzao. Mjini Stockholm, wanawake waliokuwa wamelazwa kwa maradhi ya moyo walifuatiliwa kwa takriban miaka mitano, na wale waliokuwa na msongo mkubwa ndani ya ndoa walipatwa na mashambulizi mapya, au kufa kwa moyo, kwa kiwango kinachokaribia mara tatu ya wenzao, ilhali msongo wa kazini haukuonyesha uhusiano wa namna hiyo. Na mwanasaikolojia Julianne Holt-Lunstad alipopima shinikizo la damu la watu kwa saa 24 aligundua kwamba waseja walikuwa na hali bora kuliko watu waliokuwa ndani ya ndoa zisizo na furaha.

Kwa heshima zote kwa makungwi, wasimamizi wa ndoa na wazee wa usuluhishi, naomba matokeo hayo yafike katika mabaraza yetu. Tunapomwambia mwanamke anayepigwa au kutukanwa kila siku kwamba ndoa ni uvumilivu, tunamwandikia dawa yenye madhara yanayopimika.

Sasa lile la Farr kuhusu umri. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo. Kitabibu hakuna utata: msichana ambaye nyonga zake hazijakomaa yumo katika hatari ya uzazi pingamizi na fistula, na hatari ya kifafa cha mimba kwake ni kubwa zaidi. Anayeolewa katika umri huo na mtu mzima hapati wa kumtazama kwa usawa. Anapata wa kumwamuru. Takwimu zote nilizozitaja za faida hazimhusu yeye.

Waliomo humu ambao hawajaoa, hawajaolewa, au wamefiwa, wasidhani nimewahukumu. Holt-Lunstad huyo huyo, mwaka 2010, alijumlisha pamoja na wenzake tafiti 148 zenye watu 308,849, akaona kwamba wenye mahusiano imara ya kijamii walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyozidi kwa asilimia 50 ile ya wasio nayo, na mahusiano yaliyohesabiwa yalikuwa ya aina nyingi: ndugu, marafiki, majirani, jumuiya za ibada. Dada anayempigia kaka yake simu kila Jumapili na kumuuliza kama amekwenda kliniki anafanya sehemu ya kazi ile ile.

Nimemaliza upande wangu, Ndugu Mwenyekiti, na ninakaribisha maswali. Ningependa tuanze na akina baba, hasa wale ambao mara ya mwisho walipimwa presha kwa sababu wake zao waliwapeleka.