Kusafisha wavu wa kuchomea bila kuacha waya kwenye chakula

Karibuni, ndugu zangu. Leo tupo Shangani, Mtwara, na wavu huu jana usiku ulichoma pweza na changu. Tutausugua kwa brashi ya waya, lakini kwanza tuikague brashi yenyewe.

Vuta nyuzi zake kwa plaizi, upande huu, katikati, hadi ule. Ukitoka hata uzi mmoja, au ukikuta zimelala na kupinda, itupe. Usiionee huruma. Uzi ukikatika hunasa kwenye mafuta ya wavu, ukahamia kwenye samaki, na mlaji akaumeza bila habari. Huko Marekani watafiti walikadiria kwamba kati ya 2002 na 2014 watu wapatao 1,700 walikimbizwa hospitali kwa nyuzi za namna hii. Wengi ziliwachoma mdomoni na kooni. Zikishuka tumboni, zinaweza kutoboa utumbo.

Haya, washa mkaa. Wavu ukae motoni kama dakika 15, mabaki yakauke yawe masizi. Utoe, upoe hadi ubaki vuguvugu, vaa glavu, sugua kufuata urefu wa vyuma. Taratibu. Ukikandamiza sana ndipo nyuzi zinapokatika.

Wengi wakifika hapa wanaweka samaki. Bado! Chukua kitambaa cheupe kilicholowa, futa juu na chini, kisha kikunjue ukitazame: waya ukiwepo utauona. Halafu mulika kwa tochi ya simu pale vyuma vinapoungana, maana uzi hupenda kujificha hapo. Hatua hii usiiruke hata wateja wakiwa wamejaa.

Kausha, paka mafuta ya kula kidogo. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, kutu haichelewi.

Kwa wavu wa nyumbani mimi napendelea kumbi la nazi, unalichovya kwenye maji ya moto yenye sabuni. Linataka mkono zaidi, ila haliachi waya.

Na mtu akila vya kuchoma kisha akahisi kitu kinamchoma anapomeza, msimmezeshe tonge la ugali kama mnavyofanya kwa mwiba wa samaki. Tonge linaweza kuusukuma waya ndani zaidi. Mpelekeni hospitali, Ligula, au Sokoine kwa mlioko Lindi, na mwambieni daktari wazi kwamba chakula kilitoka kwenye wavu uliosuguliwa kwa brashi ya waya, ili ajue anatafuta nini kwenye eksirei.