Kwa nini trela yangu hailali nyumbani kwangu

Wazee wangu shikamooni, wengine habari zenu. Leo najibu swali ambalo haliishi kwenye komenti: "Kaka, una nyumba na yadi kubwa, mbona trela ya kulala unaikodia maegesho?" Kabla hamjasema naringa, trela yenyewe ni ya mtumba. Tuko sita, na hotelini tukisafiri ni vyumba viwili kila usiku. Wala sijaja kuilalamikia Marekani. Naeleza tu.

Sisi tuko pembeni ya Houston, Texas. Houston ni jiji kubwa linalojulikana kwa kutokuwa na sheria ya kugawa maeneo, hapa makazi, pale biashara. Ukisikia hivyo unadhani kila mtu anajifanyia. Sivyo. Kinachobana ni masharti ya kiwanja, yamesajiliwa kwa karani wa kaunti, na ukinunua nyumba umeyanunua pamoja nayo. Msimamizi wake ni HOA, chama cha wenye nyumba mtaani, na ada yake unalipa utake usitake.

Masharti ya mtaa wetu yanasema trela, boti au RV (gari lenye nyumba ndani) isionekane kutoka barabarani. Kupakia na kushusha mizigo unapewa saa 48. Sawa, nikaipeleka nyuma ya nyumba. Uzio ni futi 6, trela inapita futi 10, paa likawa linaonekana. Nikaomba kuinua uzio: fomu, mchoro, vipimo, picha, hadi aina ya mbao. Nikasubiri weee, jibu likaja hapana.

Kilichoniuma ni jirani aliyepeleka picha ya trela yangu kwa HOA. Mtu huyo nimemsaidia kuondoa matawi uani kwake baada ya kimbunga. Angenigongea mlango tu! Kwetu Mbagala, Dar es Salaam, lori la Fuso linalala nje ya nyumba, ukikerwa unamfuata mwenyewe, mkishindwana mnaenda kwa mjumbe, yanaisha. Huku nimeletewa barua ya rejesta.

Ila barua hiyo msiidharau, ni kinga yako. Sheria ya mali ya Texas, sura ya 209, inawataka wakuandikie hivyo kabla ya kukutoza faini, wakupe muda wa kurekebisha, na una siku 30 za kuomba usikilizwe. Na kwa deni la faini peke yake hawawezi kuinadi nyumba yako. Ada ya chama ni habari nyingine kabisa. Hiyo usipolipa, nyumba inaweza kwenda.

Basi kwa maegesho nalipa dola 140 kwa mwezi, uwanja wa wazi, jua na mvua ya mawe ni juu yako. Kwa pesa ya nyumbani ni zaidi ya laki tatu. Na wewe ndugu uliyeandika "ya kuegesha trela unayo, ya ada ya shule huna", nimekusoma na nimeumia. Ada ile naituma kila muhula, na unajua.

Mimi si mwanasheria, na mtaa wako si mtaa wangu. Kuna mitaa haina HOA, na kuna miji yenye sheria zake za maegesho juu ya hizo za chama. Uliyeniuliza unayetafuta nyumba Katy, huku jirani na Houston: usitegemee maneno ya dalali. Wangu aliniambia uani ni kwako, weka utakacho. Omba masharti ya mtaa huo kwa maandishi, fungua sehemu ya magari, soma kabla hujaweka sahihi.