Betri ya Vepu na Chaja Yake

Habari za mchana, mafundi. Nimeombwa nizungumzie kuchaji betri za vepu, yaani sigara za kielektroniki. Ya mapafu nawaachia madaktari, ingawa mkiniuliza pembeni nitawaambia ninavyoona.

Hii niliyoshika ni 18650: kipenyo milimita 18, urefu 65. Mnaijua, mmeitoa kwenye tochi na laptop chungu nzima. Ikijaa ni volti 4.2, na hapo umeme ukomeshwe. Chaja ya maana huanza kwa kusukuma ampea zilezile hadi volti zifike 4.2, kisha huzishikilia hapo huku ampea zikishuka taratibu, halafu inakata yenyewe. Chaja feki haikati. Betri iliyojazwa kupita kiasi hupata joto, joto linazaa joto jingine, na mkifika hapo hakuna swichi ya kuzima.

Sasa ipitisheni mkononi, mtazame upande wa chanya. Kile kitufe cha katikati ndicho chanya. Lakini bati lote la mwili, hadi ukingo unaokizunguka kitufe, ni hasi! Kinachowatenganisha hapo juu ni kijiduara cha karatasi na hii plastiki nyembamba. Ikichanika ukingoni, chuma chochote kikigusa pande zote mbili ni shoti. Ndiyo maana mtu anatia betri mfukoni pamoja na funguo, paja linaungua. Idara ya zimamoto ya Marekani ilichapisha ripoti mwaka 2017: kati ya matukio 195 ya vepu kuwaka au kulipuka, 61 yalitokea zikiwa mfukoni na 48 zikichajiwa. Plastiki mpya ni bei ya kutupa. Ivue ile mbovu, uvishe nyingine, upulize hewa ya moto ya wastani.

Vepu yenye betri mbili, hizo zinunuliwe pamoja, zichajiwe pamoja, zizeeke pamoja. Ukichanganya mpya na kuukuu, ile dhaifu ndiyo inayoumia.

Nanyi mnaozifungua zile vepu za kutupa ili mpate betri ya bure, nawajua! Betri ya ndani kwa kweli huchajika, ila kifaa kisicho na tundu la chaja hakina saketi ya kuichaji. Kuunga nyaya moja kwa moja kwenye chaja ya simu ya volti 5 ni kutafuta moto. Tia moduli, yaani kibao kidogo cha saketi, ya kuchajia betri za lithiamu, na ampea zake ziendane na udogo wa betri.

Chajia juu ya vigae au saruji, ukiwa macho. Kitandani hapana, wala kwenye gari lililoanikwa juani. Joto likizidi nyuzi 45 za Selsiasi usichaji kabisa.

Naam, bwana wa nyuma? Kuipoza kwanza kwenye friji? Usifanye hivyo. Ukiitoa itatoka jasho, na maji kwenye ule ukingo niliowaonyesha hayatakiwi. Iache mezani ipoe yenyewe, ndipo uchaji.